Moto wa Godavari

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mmeitika kinyonge? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani, zamani sana, katika mji mmoja wa pwani, aliishi mjane wa Kibanyani, jina lake Godavari. Watu wa jamaa yake walikuwa wengi mjini humo. Kisha wakahama, wakahama, wakahama, hata akabaki yeye na ng'ombe wake, Gauri. Mumewe alikwisha kufa. Wanawe walikuwa ng'ambo, na barua zao zilikoma.

Godavari aliishi kwa kuuza mtindi. Basi mwaka huo ndama wa Gauri akafa, na maziwa yakakatika. Siku ya kwanza, halikutoka hata tone. Siku ya pili, hata tone. Siku ya tatu, hata tone.

"Gauri, una nini?" akauliza.

Ng'ombe akageuza uso ukutani.

"Basi nitawasha moto," akasema Godavari.

Maana kwao, mtu akizuiliwa na jambo huwasha moto wa ibada katika shimo la mraba. Humwomba Ganesha, mwenye kichwa cha tembo, amwondolee kizuizi, kisha humwomba Lakshmi amletee neema. Hutia motoni samli, ufuta na mchele, na kila kinapotiwa, husemwa, "Swaha!" Zamani mumewe alitia, na Godavari akiitikia. Sasa nani aitikie?

Akamwendea punda. "Punda, njoo uniitikie."

"Nabeba mawe tangu alfajiri, mama. Sauti niitoe wapi?"

Akamwendea kunguru. "Kunguru, njoo uniitikie."

"Nitakuja, ila samli yote iwe yangu."

"Na moto niulishe nini?"

"Shauri yako!" Puruu, akaruka.

Akamwendea jirani yake, Mwanashehe, msusi wa mikeka. Walitenganishwa na ukuta mmoja tu, na miaka ishirini walikuwa wakiamkiana bila kutembeleana. "Shoga, njoo uniitikie."

Mwanashehe akaweka ukili wake chini. "Hiyo ni ibada yako, shoga, si yangu. Neno lile siwezi kulisema. Ila kukaa mlangoni naweza, usiwe peke yako."

Asubuhi Godavari akaoga, akapanga kuni, akawasha moto uani. Mwanashehe akakaa mlangoni. Samli iliyosalia mtungini ilitosha vijiko vitatu.

Akatia kijiko cha kwanza. "Swaha," akasema mwenyewe. Sauti ikagonga kuta tupu, ikamrudia.

Akatia cha pili. "Swaha." Ikamrudia tena.

Akachota cha tatu, akakishika tu, asikitie. Moto ukaanza kufifia.

"Swaha," ikasema sauti nzito nyuma yake.

Alikuwa Gauri, kamba aliyoikata ikining'inia shingoni.

"Ni wewe uliyesema?"

"Ni mimi. Wewe unamlilia mumeo na wanao, mimi namlilia mwanangu, wewe nyumbani, mimi zizini. Uliniuliza nina nini, mama, lakini mkononi ulikuwa umeshika ndoo."

Godavari akainama kwa haya. Akatia samli ya mwisho, na moto ukapanda juu, ukanguruma. Kisha akaja akaegemea shingo ya ng'ombe.

"Alikuwa na doa jeupe kipajini," akasema.

"Na alipenda kulala panapopiga jua," akasema Gauri.

Wakamlilia ndama. Wakamlilia yule mume. Wakawalilia walio ng'ambo. Mwanashehe mlangoni akajifuta macho kwa ncha ya kanga yake. Walilia hata majivu yakapoa.

Kesho yake Gauri alitoa kata moja ya maziwa. Kesho kutwa, kata tatu. Siku ya tatu ndoo ikajaa, na bakuli la kwanza la mtindi likapelekwa kwa Mwanashehe.

Lakini barua hazikuja. Wala wale waliohama hawakurudi. Kila mwaka Godavari aliwasha moto wake, na mwitikiaji alikuwa ng'ombe.

Jioni moja, akila peke yake, alimsikia Mwanashehe akikohoa upande wa pili wa ukuta. Akatua tonge.

"Mwanashehe, upo?"

"Nipo, shoga."

Akaliokota tonge lake, akala.

Na hadithi yangu imekomea hapo.