Bi Siwema na Kipimo cha Fisi

Haya, nani kalala?
— Hakuna!
Masikio yako wapi?
— Kichwani!
Yatoeni usingizi, ngano inaingia!

Zamani Fisi aliwaita wanyama wote uwanjani, akakaa juu ya rundo lake la nyama, akatangaza: "Leo napima moyo wa kila mkongwe. Asiyelia, moyo mzima, aende zake. Atakayelia, moyo umechakaa, akapumzike pangoni kwangu."

Bi Kanga akaulizwa habari za vifaranga wake waliokufa. Chozi moja tu, tone! Akapelekwa kupumzika. Kilichorudi ni manyoya.

Akaitwa Bi Siwema, pimbi kikongwe wa meno mawili. Akajikokota mbele, Fisi akamuuliza:

"Mumeo wa kwanza yuko wapi?"

"Kafa."

"Unalia?"

"Silii. Nilimlilia, nikamaliza, nikapika."

"Wa pili?"

"Kafa."

"Unalia?"

"Silii. Nilimlilia, nikamaliza, nikapika."

"Na wa tatu?"

Loo! Huyo wa tatu alizikwa juzi tu, na alimpenda kuliko wote. Bi Siwema akahisi machozi yanamjaa. Fisi naye alikuwa anadondosha mate, cho, cho, cho. Bibi akaona akijibu tu, amekwisha. Akapiga makofi, pa!

"Ala! Hivi wewe si mtani wangu?"

Fisi akababaika. Ni kweli, pimbi na fisi ni watani tangu enzi za mababu, na mtani akikutania, ukinuna umeaibika.

"Basi mtani, mimi nimejibu mara mbili. Sasa zamu yangu kukupima. Au wewe huna moyo?"

"Apimwe! Apimwe!" wakapiga kelele wanyama.

Fisi akajikohoza. "Nipime. Mimi moyo wangu chuma."

"Tai, beba lile paja kwenye rundo la mtani wangu, nenda nalo!"

Pu pu pu, Tai akapaa na paja.

"Mtani, unalia?"

"Silii. Ha-ha."

"Beba na ule ubavu!"

Pu pu pu.

"Unalia?"

"Silii. He… he."

"Sasa lete ule mfupa wenye uboho, anaolala ameukumbatia."

"Huo hapana, mtani…"

"Utupe mtoni!"

Chubwi!

"Uwiii! Uwiii! Mfupa wangu! Mama yangu mie!" Fisi akagaagaa chini, machozi na kamasi havijulikani kipi ni kipi.

"Moyo umechakaa!" wakasema wanyama. Wakamsindikiza pangoni akapumzike kama sheria yake ilivyosema, Tembo akasukuma jiwe mlangoni, guduu!

Bi Siwema akaenda kwake. Akaketi kwenye kigoda cha marehemu, akamlilia mume wake wa tatu, kwi kwi kwi, mpaka pua ikaziba. Hakuna aliyemhesabia machozi.

Ngano nimeifunga, kamba ninayo mkononi.

Na funzo lake, watoto wazuri, ni hili: mzee asilie kabisa, si vizuri kwa afya, na kila mkongwe apimwe moyo walau mara moja kwa wiki. Anayetaka kuanza na mimi mkongwe wenu, karibu. Ila aje na paja la mbuzi, liwe limenona.