Nungunungu na Kundi la Mwatumu

Paukwa!
Pakawa!

Zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakichota maji kisima kimoja, alikuwako msichana akiitwa Mize. Alikuwa katika kundi la Mwatumu, binti wa jumbe, aliyechagua nani acheze ngoma ya mavuno na nani abaki nyumbani.

Siku ya kwanza Mwatumu alimtaka Mize amsuke nywele. "Ukikataa, huchezi nasi." Mize akamsuka mpaka vidole vikafa ganzi.

Siku ya pili alimtaka ambebee mtungi. "Ukikataa, huchezi nasi." Mize akabeba, akinung'unika moyoni, ngoma gani hii inayochezwa kwa shingo kabla ya miguu.

Siku ya tatu akaja kisimani Nungunungu, binti mgeni, naye akaomba kucheza. Mwatumu akaitazama miiba yake akacheka, na wenziwe wakacheka kwa kuwa yeye kacheka. Mgeni alipokwisha kwenda zake, akamtuma Mize amfuate, akamwambie ang'oe miiba yote kwanza. "Ukikataa, huchezi nasi."

Mize alikwenda polepole, akitafuta namna ya kuusema ujumbe ule usiume. Haikuwepo. Alipousema, Nungunungu hata hakuuliza sababu. Aling'oa mmoja, akang'oa wa pili, akang'oa wa tatu, damu ikamtiririka mgongoni, na bado anatabasamu.

"Imebaki mingi?" akauliza.

Hapo Mize akachoka kabisa. Alimchoka Mwatumu, akamchoka Nungunungu kwa kukubali upesi hivyo, na zaidi akajichoka mwenyewe, maana ujumbe aliuleta kwa miguu yake.

"Basi, using'oe tena," akasema. "Nimekosa mimi."

Akamwosha mgongo, akarudi kisimani, akamwambia Mwatumu mbele ya wote, bila kupaza sauti: "Nimekusuka, nimekubebea mtungi, na leo nimekuumizia mtu. Ngoma yako sichezi."

Mwatumu akangoja wenzake wacheke. Safari hii hawakujua wacheke au wanyamaze.

Siku ya ngoma, Mize na Nungunungu walikaa nyuma ya ghala wakimenya mihogo. Vishindo vya ngoma viliwafikia, na Mize roho ilimuuma, tusidanganyane. Mara akatokea Sikudhani, mmoja wa kundi la Mwatumu, jasho likimtoka. Akauliza afanye nini ili awe nao.

"Kaa," Mize akasema.

Sikudhani akabaki amesimama, akingoja amri nyingine.

Mize akashusha pumzi. "Mwenzangu, hakuna kingine. Kaa."

Hadithi yangu imekomea papo hapo, Sikudhani akitafuta pa kukaa.