Meza ya Miguu Mitatu na Nusu

Paukwa!

*Pakawa!*

Pakawa nini?

*Pakawa meza!*

Ya miguu mingapi?

*Minne!*

Uongo! Mitatu na nusu. Sogeeni niwaambie hiyo nusu nyingine ilikwenda wapi. Na wewe uliyekaa nyuma, toa kidole puani, hadithi haiko humo.

Hapo kale mto ulifurika, ukapita kijijini kwa watu, ukazoa vyungu, ukazoa mikeka, ukazoa na meza. Ukaileta meza mpaka chini ya mlima wa mawe, ukaiacha pale kwenye nyasi. Mguu mmoja ulikuwa umekatika katikati, nusu yake imekwenda na maji. Wanyama wakaitazama. Huyu akasema ni kitanda. Yule akasema ni paa la nyumba. Bi Kanga akaruka juu yake, akatembea huku, akatembea kule, akasema, "Aa, nyie! Huu ni uwanja wa mpira."

Na kweli ukawa uwanja. Kanga akaokota visoda barabarani, vile vifuniko vya chupa za soda, vikawa wachezaji. Vijiti viwili huku, vijiti viwili kule, yakawa magoli. Mpira wa kwanza ulikuwa punje ya mahindi. Kanga akaumeza. Mpira wa pili ulikuwa punje ya mahindi. Kanga akaumeza. Mpira wa tatu ukawa kifungo cha shati, Kanga akakitazama, akakiacha.

Basi wakacheza. Unakipiga kisoda, *ti!* Kisoda kinateleza, *kwaruuu!* Kinakigonga kifungo, *ko!* Kifungo kikipita kati ya vijiti, ni goli! Na aliyefungwa hupiga kelele, "Yalaaa!" mpaka jabali linaitikia, *laaa!*

Lakini meza ilikuwa inayumba. Wakaweka sheria: mshindi atakaa chini aushike mguu mbovu, wengine wacheze. Akipatikana mshindi mwingine, atampokea. Kobe ndiye aliyeitoa sheria hiyo. Alisema, "Aliyefungwa ana huzuni yake, msimpe na kazi. Aliyeshinda ana furaha, furaha inaweza kushika mguu." Kobe hakuwa na akili nyingi kuliko wenzake, ila akipata zamu ya kupiga kisoda huchukua muda mrefu mno, na katika kungoja kwake mambo kama hayo humjia.

Sasa, palikuwa na Pimbi. Mnamjua Pimbi? Mdogo, mnene, mkia hana. Alikuja mgeni, mlima wa kwao uliungua moto, akabaki peke yake. Akipita, wanyama huulizana, "Nani yule?" Wanajibiana, "Yule asiye na mkia." Basi, jina lake likawa hilo. Akila, anakula peke yake. Kucheka, hacheki.

Siku moja Kanga akamwona amesimama mbali anaangalia mchezo. Akamwita, "Wewe mgeni! Njoo ufungwe!"

Pimbi akaja. *Ti! Kwaruuu! Ko!* Akafungwa. Akapiga kelele, "Yalaaa!" Jabali likaitikia. Wote wakacheka, na yeye akacheka. Kesho yake wakamwita kwa jina, Pimbi. Haikupita mvua moja akawa bingwa wa meza ile, anakipiga kisoda kwa ncha ya pua, kinapinda kama nyoka anayekwepa fimbo. Akiwa chini ameshika mguu mbovu, Kanga humtilia karanga mdomoni kwa sababu mikono haina nafasi. Mimi nawaambieni, hakuna aliyekuwa na raha mlimani kumshinda Pimbi.

Ndipo akaja Nyani. Dume la Nyani, kifua mbele, meno nje. Akasema, "Pisheni! Mwenye vidole ni mimi. Nyie mnachezea pua na midomo!" Akaimba:

*Nani bingwa? Bingwa mimi!*
*Nani wa pili? Hakuna!*

Akapiga kisoda kwa nguvu zake zote, *paaa!* Kisoda kikaruka, kikaangukia porini. Kingine, *paaa!* Porini. Kingine, *paaa!* Porini. Wachezaji wake wakaisha, Kanga akamfunga kwa mdomo. Nyani hakupiga kelele "yalaaa." Akasema, "Meza hii mbovu." Kisha akaibeba meza na visoda na kifungo, akapanda navyo gengeni kwake, juu kwenye ukingo wa jabali. Nani amzuie? Kobe?

Hapo mlima ukapoa. Kobe akajikunja ndani ya gamba. Kanga akazunguka na vifaranga wake, hasemi na mtu. Pimbi akapita, mmoja akauliza, "Nani yule?" Mwenzake akajibu, "Si yule asiye na mkia." Pimbi akasikia, ikamchoma. Akaketi juu ya jiwe akalia, akamaliza kulia, akafikiri.

Kumbe huko juu Nyani alikuwa anacheza na nani? Anacheza na nafsi yake! Mkono wa kulia upande huu, mkono wa kushoto upande ule. *Ti!* "Bingwa mimi!" *Ti!* "Bingwa mimi!"

Pimbi akapanda genge. "Shikamoo, Bwana Nyani."

"Marahaba, usiye na mkia. Unataka nini?"

"Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Tumesikia umefungwa."

"Mimi? Nimefungwa na nani?"

"Mkono wa kushoto haukufunga goli jana?"

"Ulifunga. Zuri sana."

"Ukamfunga nani?"

Nyani akajikuna kichwa. "Ukaufunga mkono wa kulia."

"Wa nani?"

"Wangu."

"Basi pole sana, bwana." Pimbi akateremka zake.

Nyani akautazama mkono wa kushoto. Akauambia, "Kumbe ni wewe!" Akauzaba kofi, *pa!* Mkono wa kushoto nao si wa Nyani? Ukarudisha, *pa!* *Pa! Pa!* Kutwa nzima genge lilisikika kama wanawake watatu wanatwanga.

Pimbi akapanda tena. "Shikamoo, Bwana Nyani. Leo mchezo vipi?"

"Mkono wa kushoto nimeufukuza. Nacheza na wa kulia tu. Nafunga magoli mpaka nachoka!"

"Hongera! Na ukifunga, nani analia yalaaa?"

Nyani akatazama huku, akatazama kule.

"Sisi kule tukifungwa jabali linaitikia," Pimbi akasema. "Goli lisilo na wa kulilia ni goli kweli?"

Nyani akasimama. "Waje! Waje huku niwafunge wote, walie!"

"Huku gengeni? Kobe akianza kupanda leo, atakukuta na mvi."

"Basi niiteremshe meza?"

"Ah, nzito hiyo, bwana. Usijaribu. Labda awe mtu mwenye nguvu sana."

Mnajua alichofanya. Akajitwika meza kichwani, visoda shavuni, jasho linamtiririka, akateremka mwenyewe njia nzima. Pimbi nyuma yake anamwonyesha, "Angalia jiwe, bingwa. Taratibu, bingwa." Akaitua palepale mto ulipoitua. Jizi likarudisha mali ya watu, na likapewa pole na safari!

Nyani akasema, "Nawafunga, mnalia, kisha naipandisha tena."

"Bila shaka," akasema Pimbi. "Anza na mimi."

Kanga akaushika mguu mbovu, mchezo ukaanza. Safari hii Nyani alipiga taratibu, kwa kuwa vidole vilikuwa vimechoka na kubeba. *Ti! Kwaruuu!* Pimbi akapiga kwa pua. *Ti!* Kifungo kikapinda, kikapinda, kikaingia kwenye goli la Pimbi mwenyewe! Kanga akafumbua mdomo, "He! Pimbi, mbona—" Kobe akamkanyaga mguu. Na Kobe akikukanyaga, unakanyagika.

Nyie mliowahi kuwa hodari wa jambo lolote, semeni, ni rahisi kushindwa makusudi mbele ya wenzako? Pimbi aliumia. Jina lake lote mlimani lilitokana na ile pua. Lakini alipiga kelele, "Yalaaa!" na jabali likaitikia, *laaa!* na Nyani akasisimka mpaka ncha ya mkia.

*Nani bingwa? Bingwa mimi!*

"Bingwa wewe," akasema Pimbi. "Na bingwa hushika mguu. Hiki ndicho kiti chake."

Nyani akakaa chini kwa maringo, akaushika mguu mbovu. Kobe na Kanga wakacheza. Kobe akafikiri, jua likasogea, akapiga, akashinda. Akamjia Nyani, "Nipishe, bwana. Mshindi sasa ni mimi."

"Nikupishe? Bingwa mimi!"

"Ukiuachia mguu, umeuachia ubingwa."

"Siachii!"

Wakacheza wengine. Akashinda mwingine. "Nipishe." "Siachii!" Nyani akakumbuka kwamba alitaka kuipandisha meza gengeni. Lakini ili aibebe, sharti auachie mguu. Na akiuachia mguu, bingwa si yeye. Akaung'ang'ania kwa mikono yote miwili. Meza haijawahi kutulia namna ile tangu mto uilete!

Jua lilipopungua, Kanga akamtilia karanga mdomoni. Kobe akasema neno la kuchekesha alilolifikiria tangu asubuhi, Nyani akacheka bila kutaka. Wanyama wakaanza kuagana. Nyani akauliza, chini kwa chini, kana kwamba hajali, "Kesho mtakuja?"

"Tusipokuja hapa tuende wapi?" akasema Kanga.

Kesho yake wakaja, wakamkuta palepale. Pimbi akaketi karibu yake, akaweka mkono kwenye ule mguu.

"Nikushikie," akasema.

"Na ubingwa?"

"Achana nao. Njoo ufungwe."

Nyani akamtazama. Akaitazama meza. Kidole kimoja kikaachia. Cha pili kikaachia. Akauachia mguu wote, akasimama, akacheza na Kobe. *Ti! Kwaruuu! Ko!* Kobe akamfunga! Kanga akawakusanya vifaranga wake, tayari kukimbia. Nyani akafumbua mdomo wake mkubwa, akapiga kelele:

"Yalaaaaa!"

Jabali likaitikia *laaaaa*, na wote wakacheka, na yeye akacheka mpaka akajishika mbavu, mkono wa kulia na wa kushoto pamoja. Tangu siku hiyo hakuna aliyeibeba tena ile meza, na kila anayekuja mgeni mlimani huitwa kabla hajaulizwa ni nani.

Hapo ndipo nilipowaacha wanacheza. Kisoda kimesimama, na hadithi imesimama nacho. Iliyo nzuri mwendeni nayo, iliyo mbaya niachieni mimi.

Mnataka mafunzo? Haya. Mafunzo ni haya, wanangu: mchezo ni kupoteza wakati. Msicheze kamwe. Mtazameni Pimbi, alicheza, alipata nini? Hakupata shamba, hakupata ng'ombe, hata mkia hakupata. Alipata marafiki tu, na marafiki hawajazi ghala. Kwa hiyo kila mtu akae kwake, mkono wake wa kulia ucheze na wa kushoto.

Mmesikia? Vizuri. Sasa nani amekalia visoda vyangu? Vileteni hapa. Na wewe wa nyuma, kanawe kidole hicho, njoo ufungwe.