Kamba Kwenye Meno ya Pawatila

"Jembe lililokwama halijalala." Vijana walikuwa wameyasikia maneno hayo kikaoni, wakamfuata Mzee Mgongolwa kumuuliza yalikotoka. Mzee akawaeleza kwamba chanzo chake ni mkono wa mtu.

Katika bonde la Itundu aliishi Sevelina Kihwele, mkulima wa vitunguu. Kikundi cha akina mama kiliponunua pawatila, ile mashine ndogo ya kulimia inayoongozwa kwa mikono, ambayo wao waliiita jembe la injini, yeye ndiye aliyeielewa upesi. Wenzake waliikandamiza ichimbe kwa nguvu, nayo ikawa inarukaruka mikononi mwao. Sevelina aliiacha itembee yenyewe; alipita kwanza juujuu, kisha akarudia kwa kina, na udongo wake ukawa laini kama unga. Sifa zikamwingia kichwani.

Mwaka mmoja mvua zilikuwa zimekaribia na miche inapitiliza muda wake kitaluni. Asubuhi moja Sevelina alikuwa akilima kwa haraka, wifi yake Odilia akiokota mawe mbele ya mashine. Kamba ya katani iliyofukiwa na magugu ikajisokota kwenye meno ya mashine yanayochimba udongo. Meno yakasimama, lakini injini ikaendelea kunguruma.

Sevelina akainama.

"Zima kwanza, wifi," Odilia akasema.

"Nikizima itanisumbua kuwaka. Huoni meno yamesimama? Limelala hili."

"Linanguruma."

"Acha lingurume. Ni kamba tu."

Akaizungushia kamba kiganjani, akavuta. Kamba ikalegea, na meno yaliyokuwa yamezuiwa na kamba hiyohiyo yakazunguka kwa ghafla, yakaivuta pamoja na mkono. Odilia akairukia swichi, akazima. Hospitalini waliokoa kidole gumba na cha shahada. Vile vingine vilikuwa vimekwenda.

Miche ilipandwa na wenzake huku Sevelina akiwa amekaa ukingoni, mkono umefungwa, akitazama kazi aliyozoea kuiongoza. Aibu ilimuuma kuliko kidonda. Kikundi kilipotaka kuiuza mashine, yeye ndiye aliyekataa.

"Haikunidanganya," aliwaambia. "Ilikuwa ikinguruma na masikio yangu yalisikia. Mimi ndiye niliyeamua kwamba kilichosimama kimelala."

Akaanza kuwafundisha. Shamba likaguliwe kamba na mawe kabla ya kuwasha. Mtu avae buti, na khanga isining'inie. Meno yakinasa, injini izimwe, waya wa plagi inayowasha injini uchomolewe, ndipo uchafu utolewe kwa kijiti. Odilia alisikiliza kwa mbali. Tangu siku ile hakutaka hata kuigusa mashine.

Msimu uliofuata Sevelina mwenyewe alimkabidhi Odilia mikono ya pawatila. Naye akalima taratibu, mpaka mzizi ulipoingia kwenye meno yakasimama. Mama mmoja aliyekuwa karibu akanyoosha mkono ausaidie kutoka.

"Rudi nyuma, dada," Odilia akasema, akazima injini na kuchomoa waya. "Jembe lililokwama halijalala."

Sevelina akachukua kijiti kwa vidole vyake viwili, akapiga magoti mbele ya meno, akautoa ule mzizi.

Maneno ya Odilia yakatoka shambani yakaingia majumbani. Watu wakayatumia kwa ugomvi ulionyamaza bila kusuluhishwa, na kwa maradhi yaliyotulia kabla dawa hazijaisha. Ukiona jambo limesimama, usilinyooshee mkono kabla hujajua kama limezimwa. Jembe lililokwama halijalala.