Ufunguo wa Ukumbi wa Mwanaidi

Hapo zamani, na hii ni zamani ya juzi tu, maana wenyewe wapo na hawasalimiani, palikuwa na ukumbi katika mji mmoja wa mrima, kule pwani. Humo, kila mwaka baada ya Idi, ulichezwa mchezo wa nyimbo wa Mwanaidi. Desturi yake ni hii: mchezaji huimba, watu huitikia. Wasipoitikia, ngoma hunyamaza, mchezo huishia hapo, kila mtu akaenda zake.

Basi miaka ya karibuni ukawa unaishia pale pale. Mwanaidi, bibi harusi, anamjibu mumewe, kisha anapiga magoti na kuimba, "Nimejibu, nimekosa, mume wangu nifundishe." Watu waitikie, "Mfundishe! Mfundishe!" na mume ainue mkono. Mama zetu waliitikia kwa vigelegele. Mabinti zao wakafumba midomo, na ngoma ikanyamaza.

Mwenye ukumbi, Bwana Mbaruku, akachoka. Akasema, "Mwaka huu mchezo ukifika mwisho, ukumbi wenu, na ufunguo atashika mmoja tu, yule aliyeuokoa mchezo. Usipofika, naufanya ghala la saruji yangu."

Wakakaa watu watatu, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni.

Bi Mwanakheri, mpiga ngoma, mwenye nyimbo zote kichwani, akasema, "Neno halibadilishwi hata moja. Nyie mnautaka ufunguo, mchezo hamuutaki."

Shemdoe, kijana msimamizi wa mchezo, akasema, "Bibi, ubeti huo ukatwe. Unaung'ang'ania ili tukishindwa useme vijana ndio waliouua mchezo."

Riziki, msusi, ambaye ndiye huchezea nafasi ya Mwanaidi, akasema, "Mnagombania magoti yangu, na hakuna aliyeniuliza."

Bi Mwanakheri akashinda, kwani bila yeye hakuna ngoma. Shemdoe akatoka amefura, akapita nyumba kwa nyumba. "Njooni mwone aibu ya bibi zenu!" Na watu wanavyopenda aibu! Alasiri ya mchezo ukumbi ukafurika.

Ubeti ukafika. Riziki akaimba maneno yale yale, neno kwa neno. Ila magoti hakupiga. Alisimama, akawageukia wanawake waliokaa mikekani, akangoja.

Kisha, kwa sauti ile ile ya zamani, wanawake wakaitikia kwa pamoja, "Asiguswe! Asiguswe!"

Ngoma haikunyamaza. Yule mume, masikini, mkono uko hewani, akaushusha polepole, na mchezo ukaenda hadi mwisho. Watu walilia. Hata mimi nililia, sifichi.

Lakini machozi yalipokauka nikaanza kujiuliza. Wanawake wote wale, neno moja, mpigo mmoja, bila kufundishwa? Shemdoe alipita kila nyumba. Riziki husuka karibu kila kichwa cha mji ule. Na Bi Mwanakheri, asiyevumilia neno geni, mkono wake haukutetereka hata kidogo. Ukiwauliza wanawake wenyewe, wanacheka na kuendelea kuchambua mchele.

Bwana Mbaruku akautoa ufunguo.

Bi Mwanakheri akasema, "Wangu. Nisingezitunza nyimbo, wangeitikia nini? Na ningenyamazisha ngoma, nani angenilaumu? Sikunyamazisha."

Shemdoe akasema, "Wangu. Nyimbo zilikuwepo miaka yote, na bado watu walipungua mikekani. Mimi ndiye niliyewaleta watu."

Riziki akasema, "Wangu. Mmoja alikataa kubadilisha neno, mwingine alitaka kulikata. Mimi niliyaimba maneno yote na sikupiga magoti. Watu wangezomea, nani mwingine angezomewa ila mimi?"

Bwana Mbaruku akawatazama, naye si mtu wa kuamini upesi. "Mnanifanya mtoto. Niambieni kwanza nani aliwafundisha wale wanawake."

Wote watatu wakainamisha macho. Hakuna aliyekiri, na hakuna aliyekana.

"Basi," akasema, "mpaka Ijumaa. Msipokubaliana nani ashike, saruji inaingia."

Kesho ndiyo Ijumaa, ndugu zangu, na lori limeshaegeshwa mlangoni. Semeni, lakini asiniambie mtu jina la shangazi yake kwa sababu ni shangazi yake. Aliyeyatunza maneno, aliyewaleta watu, au aliyekataa kupiga magoti: je, nani anastahili ufunguo?