Leso ya Mghoi

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni muhula uliopita tu, kwa hivyo msiniambie hamkumbuki, kule milimani Wundanyi palikuwa na msichana wa miaka kumi na miwili aitwaye Mghoi. Gredi ya sita alikuwa mkubwa wa shule, na yeye ndiye aliyepiga kengele ya kwenda nyumbani. Januari akavuka barabara, akaingia gredi ya saba, sekondari ya chini. Huko akawa mdogo kuliko wote.

Siku ya kwanza kengele ililia somo la kwanza lilipoisha. Wenzake walikaa kumsubiri mwalimu wa somo la pili. Mghoi alifunga mkoba, akashika njia. Saa tatu asubuhi Nyanya Saru, mama wa baba yake, alimkuta jikoni akinywa uji.

"Shule imekwisha?"

"Kengele imelia, Nyanya."

Nyanya alicheka mpaka leso ikamfunguka kiunoni. Kisha akamvua beberu wake kengele ya shingoni, na jioni nzima akafundisha. Kengele ikilia, Mghoi anatoka jikoni, somo la hesabu, anaingia banda la mbuzi, somo la sayansi. Kengele ikilia, anatoka bandani, anaingia migombani, somo la kilimo. Beberu naye alifuata kengele yake, akahudhuria masomo yote.

Siku ya pili kengele ililia, Mghoi akatulia. Ikalia tena, akatulia. Ya tatu darasa likaambiwa lihamie maabara, na hapo sketi ikamwangusha. Sketi hiyo ilishonwa na baba yake, Mwadime, fundi cherehani, kwa kanuni ya wazazi wote wa huku: mtoto atakua, sketi itamngoja. Mghoi alianguka mlangoni mbele ya gredi ya saba nzima, na gredi ya saba nzima ikacheka. Saa sita alikuwa nyumbani.

"Nani kakusukuma?" Mwadime akauliza.

"Sketi, Baba."

Mwadime hakuwa amewahi kukata kitambaa kilichopangiwa miaka mitatu. Alishika mkasi, akafumba macho, akafumbua jicho moja, akakata shubiri nzima. "Mambo ya mwaka ujao tutayajua mwaka ujao," alisema.

Siku ya tatu kengele haikumshtua, sketi haikumwangusha, na saa saba Mghoi alikuwa nyumbani. Muuza mboga wa njiani alikuwa ameshaanza kumtumia badala ya saa.

"Leo ni nini?" aliuliza mama yake, Righa.

"Hakuna kitu, Mama. Nimewakumbuka tu."

Mama alimpa ndizi ya kuchoma, akamtoa nje, akafunga mlango kwa komeo. "Mlango huu unafunguliwa saa kumi," alisema.

Mghoi alilia nje. Mama alilia ndani, pindo la leso mdomoni asisikike. Nyanya alitaka kufungua, Baba alitaka kufungua, Mama akauegemea mlango kwa mgongo. Mghoi alipoona hata beberu hamtetei, alifuta machozi, akala ndizi, akarudi shuleni peke yake. Saa kumi alikuja na marafiki wawili wakicheka hadi kushika mbavu. Tangu siku hiyo muuza mboga alilazimika kununua saa.

Mwisho wa muhula, siku ya wazazi, mwalimu mkuu alimpa kila mwanafunzi mpya leso. "Mpe aliyekufanya ubaki shuleni," alisema. Na leso, mnajua, hutoka dukani doti nzima, vipande viwili vimeungana, mpaka mtu avikate. Vipande ni viwili, na mbele ya Mghoi wamesimama watu watatu.

"Bila kengele yangu angekuwa anarudi kila saa tatu," akasema Nyanya. "Na beberu wangu ameharibika. Akisikia kengele ya shule, anakwenda migombani."

"Bila mkasi wangu angekuwa bado amelala mlangoni mwa maabara," akasema Baba. "Na nilikata kitambaa, Mama. Unajua inavyoniuma."

"Mwanamume, leso ya nini?" Nyanya akamuuliza.

"Nitafunikia cherehani."

Wakacheka wote, isipokuwa Mama Mghoi.

"Bila mlango wangu," alisema, "angekuwa na kengele nzuri na sketi nzuri, jikoni kwangu. Nyinyi mlimsaidia, akawapenda zaidi. Mimi nilimsaidia nikijua anaweza kunichukia. Wiki nzima hakupokea chakula mkononi mwangu."

Baba akatoa mkasi mfukoni, maana fundi hatembei bila mkasi, akampa binti yake. Mghoi akaitandaza leso juu ya dawati, akaupata mstari wa katikati, akawatazama mmoja mmoja. Mkono haukwenda.

Kengele ikalia. Wanafunzi wanaitwa kwenda kuimba, yeye ndiye mwanzishaji wa wimbo, na siku hizi hataki kuchelewa hata kidogo. Kwa hivyo amegeuka, mkasi mkononi, anatuuliza sisi tuliokaa hapa. Haya, semeni upesi, mtoto anangojwa. Je, nani na nani walistahili, na nani arudi nyumbani mikono mitupu?