Bibi Mabua wa Juu ya Dungu

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanalima na kula jasho lao, ulipita mwaka ambao wazee waliuita Mwaka wa Kulamba Chungu. Mvua za vuli hazikuja kabisa. Za masika zilifika kama mgeni aliyepotea njia: zikapiga hodi, zikaona si penyewe, zikaondoka. Mahindi yalikauka kabla ya kufika magotini. Kilichopona ni mtama, tena wa shamba moja tu, lile la bondeni, ambalo wanyama walililima kwa ujima.

Mwaka huo hata Simba alikula ugali. Alipiga marufuku kulisema jambo hilo, na halikusemwa.

Wanyama hao walikuwa na desturi ya mavuno. Mabua ya mwisho shambani hayakukatwa kwa kisu. Yaling'olewa kwa mkono, yakasukwa, yakawa sanamu ya bibi kizee mwenye mikono, miguu na kilemba cha majani makavu. Huyo ndiye Bibi Mabua. Tumboni mwake yalitiwa masuke bora kuliko yote, yamepakwa majivu na mwarobaini ili wadudu wa dumuzi wasiyaguse. Hiyo ndiyo iliyokuwa mbegu ya msimu ujao, na hapakuwa na nyingine.

Kisha Bibi alipandishwa juu ya dungu, ule ulingo wa miti ambao mtama unapoiva hukaliwa na mwenye kuamia, yaani kuwafukuza, ndege. Hapo alikaa kiangazi chote. Jioni, kabla ya yeyote kutia tonge kinywani, kila nyumba ilimpelekea bakuli la kwanza. Asubuhi mabakuli yalishushwa, na chakula wakapewa wagonjwa, wakongwe na yatima. Mwishowe, kumbikumbi wa kwanza waliporuka, Bibi alishushwa, akalazwa juu ya jamvi, akapurwa kwa magongo mpaka mbegu zote zimtoke. Kila nyumba ilipata kipimo chake, na mabua yakarudishwa shambani.

Kumkalisha, kumlisha, kumpura. Fisi alijua mambo mawili ya kwanza. La tatu huangukia siku za kulima, na siku za kulima Fisi huwa safarini, ukweni. Sungura aliyajua yote matatu, ingawa kupura hakuwahi kukuona kukianza. Alikuwa na tabia ya kufika wakati wa kugawana.

Fisi alimaliza fungu lake la mtama kabla wenzake hawajamaliza kufagia ghala zao. Akawa anashinda chini ya dungu, shingo ameinua. Sungura akamkuta hapo.

"Unatazama nini, kaka Fisi?"

"Namtazama Bibi. Hana hata jino moja, na anakula kuliko mimi."

"Hali. Anapelekewa tu."

"Mimi nikipelekewa, nakula."

"Basi kwa nini usiwe Bibi?"

Fisi akafikiri. Kufikiri kulimchosha, akaketi.

"Nina mkia."

"Utaukalia."

"Nanuka."

"Yeye ni kizee, yuko juani tangu mavuno. Nani atashangaa?"

"Na yale masuke ya tumboni?"

"Mwarobaini mtupu, ndugu yangu, yatakuharibu tumbo. Nipe mimi nikayatupe. Wewe kula mabakuli."

"Na wewe utapata nini?"

"Mimi? Raha ya kukuona umeshiba."

Hakuna aliyewahi kumwambia Fisi neno kama hilo. Akamshukuru kwa mikono miwili.

Mchana, wanyama walipojinyoosha kivulini, Fisi alipanda dungu. Sungura akafungua tumbo la Bibi, akatoa masuke yote, akamshindilia Fisi humo, akamwachia upenyo wa kutolea mkono na kinywa, akafunga fundo mgongoni. Masuke hakuyatupa. Aliyachukua hadi shimoni kwake, nyuma ya kichuguu, akayapanga vizuri.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Siku ya kupanda, mbegu ingekuwa kwake peke yake. Anayeitaka angelima kwanza shamba la Sungura, apalilie, avune, abebe, ndipo ashukuru. Na Fisi? Fisi angepurwa. Sungura alikusudia kuomba gongo la kwanza na kuanzia kichwani, ili pasiwe na wa kuulizwa.

Kanga ndiye aliyekuwa amemsuka Bibi, kama mama yake alivyosuka, na mama wa mama yake. Alikuwa mjane. Kulikuwa na mwaka mmoja wa nyuma ambapo dumuzi waliingia kwenye mbegu, na Kanga aliingia masika na kundi la vifaranga akatoka na wawili. Tangu hapo masuke ya mbegu aliyapaka majivu mwenyewe, moja moja, na hakuruhusu kusaidiwa.

Asubuhi iliyofuata alipanda kushusha mabakuli. Yalikuwa matupu, tena yamelambwa. Akamtazama Bibi. Mgongoni fundo lilikuwa limefungwa kulia. Yeye hufunga kushoto.

Chini yatima walikuwa wamekwisha panga mstari. Kanga aliwaambia waende wakanywe maji, kisha akaenda kwa Simba.

"Mzee, yuko mtu ndani ya Bibi."

"Nitakwenda mwenyewe," alisema Simba. Jioni alichana manyoya, akachukua bakuli lake, akaenda. Wanyama wote walifuata.

Fisi, aliyekuwa ndani, alimwona Simba kupitia upenyo wa mabua, na roho ikamshuka hadi kwenye mkia aliokuwa ameukalia. Akabana sauti.

"Mjukuu wangu," alisema, "mbona manyoya yako yamezidi kung'aa?"

Simba alisimama wima.

"Bibi amesema," alitangaza.

"Bibi hajawahi kusema," alisema Kanga. "Ni mabua, Mzee. Nimemsuka mimi."

"Labda hakuwahi kuona cha kusemea. Leo ameniona."

"Mzee, fundo la mgongoni..."

"Mama Kanga, ukiyaonea wivu manyoya ya watu, jifunike macho." Wanyama walicheka. Kanga hakucheka. Simba akainua uso juu. "Bibi, kuna lolote unalohitaji?"

"Mabakuli ni madogo," ilijibu sauti.

Kuanzia siku hiyo kila nyumba ilipeleka bakuli mara mbili ya lile la zamani. Uji wa majumbani ukawa mwepesi kiasi cha kujitazamia uso. Yatima waliacha kupanga mstari, walikaa popote. Vifaranga wawili wa Kanga walianza kulala mchana, jambo ambalo vifaranga wazima hawalifanyi. Juu ya dungu, Bibi Mabua alinenepa.

Kanga angestahimili habari ya mabakuli. Kilichomnyima usingizi ni mbegu. Mchana mmoja, uwanja ukiwa mtupu, alisimama chini ya dungu.

"Bibi," aliita, "yale masuke niliyokupa, yapo?"

Sauti ikasema, "Leta uji."

"Wa moto au wa baridi?"

"Mwingi."

"Vyema," alisema Kanga. Kwa ulafi huo alijua nani yuko ndani, na alijua pia kwamba masuke hayamo, maana pale hapakuwa na nafasi ya viwili. Lakini hakujua yalikopelekwa. Huyo wa juu ndiye aliyejua, na akiwa huko juu hakuwa na sababu ya kusema.

Akaenda kwa Ngiri, ambaye huongoza kupura kila mwaka. Ngiri ana nguvu nyingi na maneno machache.

"Chonga magongo mapya," Kanga alimwambia. "Ya mkwaju."

"Ya mwaka jana hayajavunjika."

"Bibi wa mwaka huu ana mifupa."

Ngiri alilitafakari jambo hilo kwa muda mrefu.

"Basi ya mkwaju," alisema.

Hatimaye wingu moja lilipita bondeni likadondosha mvua ya kutosha kulowesha vumbi. Kesho yake alasiri kumbikumbi wakaruka. Jamvi likatandikwa. Ngiri na wenzake wakapanda dungu kumshusha Bibi.

"Mzito," alisema Ngiri.

"Wengine ukame hauwapati," alisema Kanga.

Ndani ya mabua Fisi alitulia. Alidhani anahamishiwa karibu na jiko.

Sungura alikuwa wa kwanza kufika uwanjani, jambo ambalo kila mtu aliliona na hakuna aliyelielewa. Alijipenyeza hadi katikati ya jamvi, akasimama penye kilemba cha Bibi. Nyuma yake wanyama wakazunguka bega kwa bega.

"Mzee Simba," alisema, "mwaka huu nimeona nimekuwa mvivu. Naomba nipewe gongo la kwanza. Na kwa heshima ya Bibi, nianzie kichwani."

Simba alikuwa karibu kukubali. Kanga akasema, "Gongo la kwanza ni la aliyesuka. Na Bibi hupurwa kuanzia miguuni, kwa kuwa shina la bua liko huko. Kichwa huja mwisho."

"Miguuni!" alisema Sungura. "Tangu lini?"

"Tangu zamani. Ungejua kama ungewahi kufika mapema."

Mzee Nungunungu akasema ni kweli, hata babu yake alianza miguuni. Ikawa hivyo. Kanga akapiga nyayo, pigo dogo, la ada. Bibi Mabua akakunja vidole. Kisha Ngiri na wenzake wakashika magongo ya mkwaju, na wimbo wa kupura ukaanza:

"Bibi, tulikupa!"

"Tupe!"

"Bibi, tulikupa!"

"Tupe!"

Walipofika kwenye miundi, Bibi akaitikia.

"Mlichonipa nimekula!"

Ngiri akabaki na gongo hewani.

"Amejibu," alisema.

"Wimbo ni wa kujibizana," alisema Kanga. "Endelea."

Walipofika magotini, mabua yalianza kuruka huku na huku na mkia ukajitokeza.

"Acheni! Mimi si Bibi! Ni mimi, Fisi!"

"Haiwezekani," alisema Simba. "Bibi alinisifu manyoya."

"Nilikusifu mimi, Mzee!"

Simba alitazama mbali kidogo, upande wa milima.

"Endeleeni," alisema.

"Kichwa!" alipiga kelele Sungura. "Huyu ni mwizi, kala mbegu yetu! Mpigeni kichwa, msimwache apayuke!"

"Kaka Sungura, wewe si ulisema..."

"Kichwa, jamani!"

Lakini magongo yalikuwa bado kwenye mapaja, na Ngiri si mtu wa kuruka hatua. Magongo yakapanda hadi nyongani, yakaanguka kwa pamoja, na Fisi akasema yote kwa pumzi moja.

"Mbegu sijaila! Iko kwa Sungura, shimoni, nyuma ya kichuguu, aliniambia ni mwarobaini, aliniambia atafurahi nikishiba!"

"Basi," alisema Kanga, na magongo yakasimama.

Sungura alitafuta njia ya kutokea. Alikuwa amepigania kusimama katikati, na katikati hakuna mlango. Ngiri akamkabidhi mwenzake gongo, akaenda nyuma ya kichuguu, akachimba kwa meno yake. Alirudi na masuke. Yalikuwa kamili na makavu, majivu bado yameshika. Sungura alikuwa ameyatunza vizuri kuliko ghala lolote.

Kanga aliinama akayanusa. Mwarobaini ulikuwa haujapungua ukali. Akageuka akawapa wenzake mgongo kwa muda, kisha akageuka tena akasema, "Leteni kipimo."

Yatima walipimiwa wa kwanza.

Fisi alipurwa kutoka nyayo hadi nyongani. Sehemu ya mbele haikufikiwa. Ndiyo maana hadi leo mabega yake yako juu na kiuno kimebonyea, na ukimwona anatembea utadhani nyuma kunapanga kuketi na mbele hakujaambiwa.

Bibi alikuwa amekwisha purwa, na mwaka huo waliamua dungu lisibaki tupu. Basi Sungura alisukiwa mabua kuanzia shingoni hadi miguuni, Kanga akafunga fundo, upande wa kushoto, akapandishwa kuamia ndege mpaka mtama mpya uive. Jioni kila nyumba ilimpelekea bakuli la kwanza na kulitua mbele ya pua yake. Asubuhi lilishushwa likiwa zima, kwa kuwa mikono yake ilikuwa ndani ya mabua. Chakula chake alilishwa baadaye, yatima wakishashiba. Kama hawakubakiza, aliambiwa hawakubakiza.

Simba alipiga marufuku kusema kwamba alisifiwa na Fisi. Safari hii lilisemwa.

Siku ya kupanda, Ngiri alikuwa akichimba mashimo na Kanga akifuata nyuma, akitia mbegu na kufukia kwa mguu, vifaranga wake wawili wakimkimbilia mbele. Ngiri alikuwa na swali alilolibeba tangu siku ya magongo.

"Mama Kanga, ulijua yumo siku zote zile. Mbona hukupanda ukamtoa?"

"Yeye ana meno," alisema Kanga, "na mimi nina mabawa ya kurukia kichaka tu." Akafukia shimo, akalikanyaga. "Aliye juu, mngoje chini."